Sato amejaa lamboni: mwongozo kamili wa kumpunguza kwa uvuvi na kumwokoa perege

Kila mwaka malalamiko yanayonifikia kutoka vijiji vya pembezoni mwa mito ya Ruvu na Wami ni yaleyale. Tumevua sato wiki nzima, tumejaza matenga, tumekula na kuuza, na mwaka uliofuata lambo likajaa sato wengi na wadogo kuliko mwanzo. Perege hata wa dawa hakuna.

Bidii ipo. Tatizo ni kwamba watu wanavua kitoweo wakidhani wanadhibiti: wavu wa macho makubwa, samaki mkubwa, siku chache, basi. Sato ukimvua hivyo unamsaidia. Wakubwa wakiondoka, wadogo wanapata chakula na nafasi, wanakua haraka, na kwenye lambo lililosongamana jike mwenye urefu wa sentimita 10 hivi anaweza kuwa tayari anazaa. Kumpunguza kunataka uwavue wazazi, wadogo na vifaranga katika msimu mmoja, mlango wa maji ukiwa umefungwa, na kazi isikatizwe.

Mwongozo huu ni wa lambo la kijiji, bwawa dogo, au dimbwi la mto linalobaki kiangazi, lenye ukubwa wa hekta moja au chini. Mto Ruvu wenyewe haumaliziki kwa nyavu za kijiji, na anayewaambia unamalizika anawapotezea muda.

Kwa asiyejua kwa nini tuhangaike: perege wa asili wa mito hii, Oreochromis urolepis, ni wa upande huu wa mashariki mwa nchi. Sato, Oreochromis niloticus, ni mgeni kwenye mito ya pwani, ameletwa kwa ufugaji. Mbali na kugombea chakula na mahali pa kutagia, wanazaliana, na chotara wao nao wanazaa. Perege anaweza kupotea ndani ya lambo lililojaa samaki na mtu asigundue.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Barua ya ruhusa kutoka kwa afisa uvuvi wa halmashauri (soma hatua ya 1 kabla ya kununua chochote).
- Nyavu za kutega za macho ya inchi 1½, 2, 3 na 4, angalau kipande kimoja cha kila ukubwa, na vyote viwe na urefu sawa. Urefu ukitofautiana, hesabu zenu zitawadanganya.
- Migono minne au zaidi, yenye mdomo wa kuingia kwa ndani ili samaki asitoke.
- Kimia kimoja na mtu anayejua kukirusha.
- Nyavu mbili za mkono zenye fremu ya waya na mpini mrefu, macho madogo ya kuzuia vifaranga.
- Waya wa kuku, wavu wa dirishani, mbao na misumari kwa ajili ya vizuizi vya maji.
- Mabeseni mawili mapana, ndoo sita, mizani ya kuning'iniza, rula, daftari na kalamu ya risasi. Wino hauvumilii maji.
- Pumba za mahindi au mashudu ya alizeti kwa chambo.
- Mabuti marefu ya mpira na glavu.
- Barafu au makasha ya kubebea samaki waliouawa.

Vyandarua vya kulalia viacheni vitandani. Wavu wa mkono wa kuchota vifaranga pembezoni unatosha.

## Hatua ya 1: Ruhusa na makubaliano

Nyavu za macho madogo na zana kadhaa za kukokota zina makatazo kwenye kanuni za uvuvi, kwa sababu kwa kawaida zinaua vizazi. Hapa mnazitaka kwa kusudi hilohilo, ila kwa samaki mmoja tu. Nendeni kwa afisa uvuvi, mwandikie orodha ya zana zote, jina la lambo, tarehe ya kuanza na kumaliza, na majina ya watakaovua. Kama kuna zana atakayoikataa, itoeni.

Sumu isitajwe hata kama wazo. Utupa, mmea wa kulevya samaki, unaua perege, kambare na wadudu wa maji sawasawa, na kuvua kwa sumu ni kosa chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003.

Kisha itisheni mkutano wa kijiji, na wafugaji wawepo. Malambo mengi upande huu ni ya kunyweshea ng'ombe, na wavu uliotegwa upande wa kunyweshea utakanyagwa asubuhi ya kwanza. Mwombeni mzee wa wafugaji awaonyeshe ng'ombe wanaingilia wapi na saa ngapi, muwaachie upande huo.

Kwenye mkutano huo pitisheni jambo moja kwa sauti, liandikwe kwenye muhtasari: hakuna sato anayeondoka hai. Si wa kufuga nyumbani, si wa kumpelekea shemeji mwenye bwawa. Biashara ya sato ikinoga, atatokea mtu wa kutaka kumrudisha, kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba fedha zitakazopatikana ni za kulipia kazi na lengo ni lambo la perege.

*Mmefanikiwa kama:* mna barua mkononi, muhtasari umesainiwa, na wafugaji wanajua nyavu zitakaa wapi.

## Hatua ya 2: Fungeni mlango kabla ya kuvua

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Kuvua lambo ambalo maji yanaingia kutoka bwawa la sato la jirani ni kazi isiyo na mwisho.

Tembeeni mkiufuata mfereji wa kuingiza maji hadi juu. Ulizeni nani ana bwawa la samaki, na likifurika maji yake yanaelekea wapi. Mwenye bwawa si adui. Alipewa vifaranga, akaambiwa afuge. Mwombeni aweke kizuizi kwenye bomba lake la kutolea maji, na siku ya kukausha bwawa maji yapite kwenye wavu kabla ya kufika mtoni.

Kwenye mlango wa lambo wekeni vizuizi viwili vinavyofuatana: cha mbele cha waya wa kuku, kinazuia majani na matawi, cha nyuma cha wavu wa dirishani, kinazuia vifaranga. Kizuizi kimoja cha macho madogo kitaziba kwa takataka mvua ya kwanza na maji yatakibomoa. Vyote visafishwe kila siku mvua zikinyesha, na mtu atajwe kwa jina kuwa hiyo ni kazi yake.

Kama lambo liko kwenye tambarare linalofunikwa na mto kila masika, jueni mapema kwamba mtakuwa mnapunguza kila mwaka. Bado kuna faida, lakini msijiahidi kummaliza.

## Hatua ya 3: Jifunzeni kumtambua

Kila atakayegusa samaki apite hapa, hata mvuvi wa miaka mingi.

Mshike samaki, ukunjue pezi la mkia kwa vidole viwili, uliinue lielekee jua. Sato ana mistari myembamba iliyosimama wima, imepangika toka mwanzo wa pezi hadi mwisho. Perege wetu hana mpangilio huo. Pezi lake litakuwa na madoa au rangi tupu.

Msimtambue kwa wekundu. Dume la perege likiwa kwenye kuzaa linakuwa jeusi lenye wekundu kwenye kingo za mapezi, lakini dume la sato nalo huwa na wekundu wake. Watu wameua perege wengi kwa kosa hili.

Yuko na mgeni wa pili, Oreochromis leucostictus, aliyesambaa pamoja na sato. Dume lake ni jeusi lenye madoa meupe mwilini na kwenye mapezi. Huyo naye hutolewa.

Chotara ndiye mgumu. Mkia una mistari iliyokatika, au upande mmoja ipo na mwingine haipo. Kanuni iwe moja: mkimtilia shaka, msimrudishe majini. Perege mmoja akipotea kwa shaka ni hasara ndogo kuliko chotara mmoja kubaki akizaa. Mkiwa na mashaka mengi, piga picha za mkia na umbo zima, muwapelekee wataalamu wa chuo cha uvuvi cha Mbegani, ambacho kiko hapahapa Bagamoyo.

Vifaranga wa chini ya sentimita 5 hawatambuliki kwa macho. Wote huwa na doa jeusi kwenye pezi la mgongoni.

*Mmefanikiwa kama:* samaki 20 wakichanganywa kwenye beseni, watu wawili wanawagawa kila mmoja peke yake na wanapata jibu lilelile.

## Hatua ya 4: Pimeni kabla ya kuanza

Tegeni nyavu zote nne alfajiri moja. Andikeni: tarehe, saa ya kutega na kutegua, ukubwa wa macho, sato wangapi, perege wangapi, wenye shaka wangapi, majike wangapi wana mayai mdomoni.

Kwa makadirio, wavu wa inchi 2 hunasa samaki wa sentimita 13 hivi, wa inchi 3 hunasa wa 20, wa inchi 4 hunasa wa 26. Kwa hiyo nyavu zenu nne zinawaambia kila rika liko kiasi gani.

Kipimo chenu ni idadi ya sato kwa wavu mmoja kwa mtego mmoja. Rudieni kila mwezi, mahali palepale, saa zilezile. Jumla ya kilo mlizovua haiwaambii kitu. Kilo zinapanda mkiongeza nyavu, na zinashuka wavuvi wakienda msibani.

## Hatua ya 5: Watoeni wazazi

Anzeni Julai, masika ikiwa imepita na maji yanapungua. Ni miezi ya baridi kidogo, uzazi umepoa, na samaki wamekusanyika. Lengeni kuwa mmemaliza kazi kubwa kabla ya mvua za vuli kuanza Oktoba.

Nyavu za inchi 3 na 4 zitegwe sambamba na matete, pale kina kinapoanza kuzidi kiuno. Kutega usiku kucha ndiko kunakoua perege: ananaswa saa 2 usiku, mnamkuta asubuhi amekauka. Tegeni saa 11 alfajiri, mtegue saa 3 asubuhi, na wavu ukaguliwe kila baada ya saa moja.

Kama mamba au kiboko ameonekana lamboni mwaka huu, msiingie gizani kabisa. Tegeni jua likiwa limeshatoka, mkitumia mtumbwi, na mtu mmoja abaki ukingoni akiangalia maji tu.

Kambare mkimnasa, mrudisheni. Ni mwenyeji wa mito hii na anakula vifaranga, kwa hiyo msimu huu anafanya kazi upande wenu.

## Hatua ya 6: Viota na majike

Hapa ndipo kazi ya msimu mzima inapoamuliwa, na ndipo pazuri pa kuwaweka watu wenye subira.

Jua likianza kuwa kali, Septemba hivi, tembeeni ukingoni asubuhi maji yakiwa yametulia. Kwenye maji ya chini ya mita moja mtaona vishimo vya duara mchangani, vipana kama sahani ya pilau, safi kuliko tope la pembeni. Hivyo ni viota. Dume linakaa juu yake likifukuza wengine. Rusheni kimia hapo, mtoeni dume, kisha mrudi kesho yake, kwa sababu dume jingine litakuwa limeingia. Madume mawili ya kwanza yakagueni mkia kujua kama ni sato, maana perege naye anachimba.

Jike ndiye muhimu zaidi. Sato hutaga kiotani, kisha jike anayachukua mayai yote mdomoni, anayaatamia, na vifaranga wakishatoka bado wanakimbilia mdomoni kwa siku kadhaa. Yote huchukua kama wiki mbili. Jike mkubwa anaweza kubeba mayai mia kadhaa.

Sasa angalieni kinachotokea akinaswa. Anapobanwa na wavu anafungua mdomo na kuyatema. Mkimwinua juu juu, mayai ya rangi ya njano yanadondoka majini pamoja na vifaranga wenye mfuko wa kiini tumboni, na wale waliokwisha kukomaa wanaogelea zao. Mmepata jike mmoja, mmeacha mia kadhaa.

Kwa hiyo: wavu unapovutwa, mtu wa pili apitishe wavu wa mkono chini ya samaki akiwa bado ndani ya maji, ndipo wainuliwe pamoja. Beseni liwe tayari. Bonyezeni taya la chini kwa kidole gumba juu ya beseni, mhakikishe mdomo umebaki mtupu. Mkiona kidevu kimeshuka na mdomo hautaki kufunga, huyo amebeba.

*Mmefanikiwa kama:* idadi ya majike wenye mayai kwenye daftari inashuka, na viota vipya vinachelewa kuonekana.

## Hatua ya 7: Wadogo na vifaranga

Nyavu za inchi 1½ na 2 ziingie sasa, pamoja na migono. Kandeni pumba kwa maji kidogo ziwe tonge, mweke ndani ya mgono, mtege kwenye maji ya kiunoni, mdomo ukielekea kwenye kina, kwa sababu asubuhi samaki wadogo hutoka huko kufuata maji ya vuguvugu ya ukingoni. Uzuri wa mgono ni kwamba perege anatoka mzima.

Makundi ya vifaranga yachoteni kwa wavu wa mkono mchana jua likiwaka. Kama daftari linaonyesha lambo ni sato karibu tupu, chukueni vifaranga wote. Kama perege bado ni wengi, acheni makundi ya vifaranga na mshike kazi ya wazazi.

Na hapa nawaomba msikate tamaa. Mtakapopima mwezi wa pili, nyavu za inchi 3 na 4 zitakuwa zimeshuka, lakini za inchi 1½ zitakuwa zimepanda. Wengi wanasema kazi imeshindikana, wanafunga nyavu, na kweli inashindikana. Kupanda huko ni wale wadogo waliokuwa wamedumaa sasa wanakua. Endeleeni na macho madogo. Tuseme mfano wavu wa inchi 1½ ulitoa sato 30, mwezi wa pili ukatoa 50: mnachotafuta ni mwezi wa tatu na wa nne urudi chini ya 30 na uendelee kushuka. Mkiacha kwenye 50, wale 50 ndio wazazi wa masika ijayo.

## Hatua ya 8: Perege wawekwe wapi

Perege hai anaweza kurudishwa papo hapo, au, kama ni wachache sana, akahifadhiwe kwenye bwawa la pembeni hadi lambo lisafike. Mshikeni kwa mikono iliyolowa, ndoo iwe na maji ya lambo lenyewe, kivulini, na maji yabadilishwe kabla hawajaanza kupumulia juu.

Walio karibu na bahari, upande wa Mlingotini na Kaole, wana nafasi nzuri: perege huyu anavumilia chumvi kuliko sato, hivyo bwawa la maji ya chumvichumvi linafaa kumhifadhi. Mzoesheni kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Msilete perege wa Wami kwenye lambo la Ruvu, wala wa Ruvu kupeleka Wami. Wa Wami wana sifa zao, hata nje ya nchi wametumika kuzalisha chotara wa kiume watupu. Mbegu itoke mto uleule.

## Hatua ya 9: Samaki waliovuliwa

Wauawe hapohapo ukingoni, kwenye barafu au kwa kisu nyuma ya kichwa. Ndoo ya sato hai ikipakiwa kwenye bodaboda, mmesambaza tatizo kijiji cha pili.

Wakubwa wauzwe wabichi. Wa kiganja wanunuliwe na mama lishe na wakaangaji, wanatoka vizuri wakikaushwa kwa mafuta. Vifaranga waanikwe, wasagwe, wawe chakula cha kuku. Matumbo yafukiwe mbali na maji, maana yanavuta kenge na mamba.

## Tahadhari ya afya

Maji ya malambo yana kichocho. Mabuti ni ya lazima, watoto wasiingie, na mkimaliza kila mmoja ajikaushe kwa taulo mara moja. Mkojo wenye damu ni wa kupelekwa zahanati, si wa kungojea upite. Miiba ya pezi la mgongoni inachoma na kidonda kinaoza haraka, kwa hiyo glavu zivaliwe wakati wa kutegua.

## Kama lambo linakauka

Lambo linalobaki madimbwi kiangazi ni bahati, kwa sababu kukausha ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kuwaondoa sato wote. Toeni perege na kambare kwanza, choteni maji kwenye kila shimo, hata nyayo za ng'ombe zenye maji, na mwache tope lipasuke. Lakini maji ya kijiji hayamwagwi kwa uamuzi wa wavuvi peke yao: wafugaji wakubali, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu iulizwe.

## Baada ya msimu

Tegeni nyavu nne za kipimo kila mwezi kwa mwaka mzima, na baada ya masika kila wiki mbili, kwa kuwa mafuriko ndiyo yanayoleta wageni wapya. Perege wa mbegu warudishwe pale nyavu ndogo zitakapokuwa zimetoka bila sato kwa miezi mitatu mfululizo. Sato mmoja akionekana kabla ya hapo, anzeni tena kuhesabu, na mkakague vizuizi vya hatua ya 2 siku hiyohiyo. Mara nyingi mtakuta ubao mmoja umeng'oka.